Kabla ya Kutazama Barafu, Tazama Ukuta Ulio Juu Yake

Likizo iliyopita mpwa wangu, aliye S.5 (kidato cha tano) hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, alinijia na picha kwenye simu. Bonde refu la kijivu, mawe juu ya mawe, mashimo huku na kule, na ndani ya mashimo vidimbwi vya maji ya buluu iliyochafuka.

"Mjomba, mwalimu anasema hii ni barafu. Barafu iko wapi hapa?"

Nilivaa miwani. Nimepanda milima ya Rwenzori miaka ishirini na sita, kwanza nikiwa mpagazi mwenye gunia la mkaa mgongoni, baadaye nikiongoza wageni hadi kilele cha juu kabisa, Margherita. Nikaangalia, nikaona machimbo ya kokoto. Nikamwambia mwalimu wake amekosea picha.

Mwalimu hakukosea. Ilikuwa Ngozumpa, mto wa barafu mrefu kuliko yote ya Nepal, na ulimi wake wote wa chini umelala chini ya blanketi la mawe. Aliponisomea maelezo nilinyamaza, nikaomba chai. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijifunza pamoja namna ya kusoma barafu ya aina hiyo, yeye kwa vitabu na simu, mimi kwa macho niliyozoea mlimani. Nimeandika hapa njia tuliyoifuata, ili mwanafunzi au mwongozaji chipukizi aifuate bila kupitia aibu yangu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichokulia Kilembe. Baba alikuwa mgodini, na kwenye shaba ile Mkonzo, Mkiga, Mluo na mtu wa Kongo walielewana kwa Kiswahili tu.

Vifaa ni hivi: simu yenye Google Earth, protrakta ya plastiki kutoka seti ya hisabati, uzi, nati ya baiskeli, daftari, na barafu ya kwenye kavera (mfuko wa plastiki) kutoka friji ya jirani anayeuza soda. Jumla haifiki shilingi elfu tano kama simu na protrakta unazo.

Maneno mawili kabla hatujaondoka. Theluji inayoanguka juu hushindiliana mwaka hadi mwaka ikawa barafu ngumu, na barafu ikiwa nzito vya kutosha huteleza polepole kwa uzito wake. Huo ndio mto wa barafu. Vitabu vingine huuita barafuto. Kifusi ni kile kile cha nyumba iliyobomolewa: mawe makubwa, kokoto, mchanga na vumbi vikichanganyika. Mto wa barafu uliofunikwa na kifusi ni barafu ambayo mlima umeibomokea.

Anza juu

Kosa langu la siku ile lilikuwa kutazama pale palipo na mawe. Kila mgeni hufanya hivyo, macho hukimbilia bondeni. Mawe yale hayakuota pale. Inua macho, utafute yalikotoka.

Fungua Google Earth, andika Ngozumpa, kisha inamisha picha ili uone mlima kwa ubavu. Juu ya bonde utaona kuta za mwamba zilizosimama kilomita kadhaa, na Cho Oyu, mlima wa mita 8,188, ukiwa kichwani. Sasa pima. Gusa sehemu moja ya mteremko, uandike mwinuko wake. Gusa sehemu nyingine chini yake, uandike na huo, kisha tumia rula ya programu kupata umbali wa mlalo kati ya hizo mbili. Gawanya tofauti ya mwinuko kwa umbali. Usipende hesabu za tanjenti? Kariri hizi: ukishuka mita 35 kwa kila kilomita moja ya mlalo, hiyo ni digrii 2. Mita 140 ni digrii 8. Mita 580 ni digrii 30. Mita 1,000 ni digrii 45. Kwa kazi yetu zinatosha.

Ukiwa mlimani mwenyewe, tumia protrakta. Funga uzi kwenye tundu la katikati ya upande ulionyooka, ning'iniza nati. Shika protrakta upande ulionyooka ukiwa juu, uuelekeze kwenye mteremko kana kwamba unalenga kwa manati, jicho lako likifuata ukingo. Mwenzako asome uzi umekatiza wapi. Uzi ukisimama kwenye 90 unaelekeza jicho mlalo. Ukisimama kwenye 60, tofauti ni 30, na hiyo ndiyo digrii ya mteremko. Upepo ukivuma, nati icheze, subirini. Mpwa wangu alipima paa la kanisa kwanza, akapata digrii 24, akafurahi kuliko siku ya matokeo.

Kwa nini digrii zina maana kubwa hivi? Kwa sababu mteremko ndio unaoamua nini kinakaa na nini kinaanguka. Theluji huporomoka zaidi kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Mwamba ukiwa mkali zaidi ya hapo, theluji haitulii kabisa. Humwagika kila mara, na ikishuka hukomba mawe yaliyolegea. Mawe nayo, yakirundikana, hutulia kwenye digrii 30 na kitu. Hivyo ukiona ukuta mkali uko juu ya barafu, jua kwamba barafu ile inalishwa vyakula viwili kwa sahani moja: theluji na mawe.

Kinachoyalegeza mawe ni maji na baridi. Maji huingia kwenye nyufa, yakiganda hupanuka na kuusukuma mwamba. Watafiti wengi husema kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi mwamba ukiwa kati ya nyuzi joto 3 na 8 chini ya sifuri, na maji yakiwepo karibu. Kuna na mwamba ulioshikwa na barafu ya ndani miaka mingi, kama saruji. Joto likipanda, saruji ile hulegea na ukuta mzima unaweza kuachia. Februari 2021 ndivyo ilivyotokea Chamoli, India: kipande cha mlima, mwamba na barafu pamoja, kilianguka na kugeuka mafuriko ya tope, na watu zaidi ya 200 wakapotea au kufa.

Tetemeko nalo hufanya kazi ya miaka mia kwa dakika moja. Baba alikuwa akitusimulia la Toro la mwaka 1966, jinsi milima ilivyonguruma. Miaka miwili kabla yake, huko Alaska, tetemeko la 1964 lilimwaga poromoko la mawe juu ya mto wa barafu wa Sherman, ukafunikwa sehemu kubwa kwa siku moja.

Watu wa Kilembe hatuhitaji kwenda Alaska kuelewa hili. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama gari la abiria. Maji yalikuwa ya mvua kubwa, barafu haikuhusika, lakini sheria ni ile ile: mteremko mkali una deni la mawe, na bonde ndilo linalolipwa. Hadi leo nikipita kwenye daraja naangalia yale mawe nikijiuliza yalikuwa kwenye ukuta upi.

Uliza hewa ya mahali

Ukishaujua ukuta, uliza hali ya hewa. Swali la kwanza ni dogo: maji yanaganda kuanzia mwinuko gani? Kwa kawaida hewa hupoa karibu nyuzi 0.6 kila ukipanda mita 100. Kasese iko karibu mita 1,000. Kipimajoto chako kikisoma nyuzi 21 alfajiri, gawanya 21 kwa 0.6 upate 35, zidisha kwa mita 100, ongeza 1,000 ulizonazo tayari. Unapata mita 4,500, na hapo ndipo maji yanapoanza kuganda asubuhi hiyo, karibu na kibanda cha wapandaji cha Elena. Ni makisio. Hewa yenye unyevu na mawingu hubadilisha hesabu, lakini nimeyatumia kuamua wageni wavae nini na mara chache yamenidanganya.

Swali la pili ni lini theluji inaanguka na lini inayeyuka. Kwenye Himalaya ya kati, theluji nyingi huja na mvua za msimu za kiangazi chao, Juni hadi Septemba, wakati huo huo jua linapoyeyusha chini. Kwenye Karakoram, upande wa Pakistani, theluji nyingi huletwa na pepo za magharibi majira ya baridi. Kwetu hapa karibu na ikweta hakuna kiangazi wala baridi ya namna hiyo. Ncha ya barafu ya Rwenzori huyeyuka mwezi hadi mwezi, na kilele hupata theluji mwezi wowote mawingu yakitaka. Tofauti kubwa ni ya mchana na usiku.

Ukiunganisha ukuta na hewa, utaweza kubashiri kabla ya kuona. Mwaka 2011 watafiti Dirk Scherler, Bodo Bookhagen na Manfred Strecker walichapisha kazi waliyoifanya kwa picha za setilaiti za 2000 hadi 2008. Kwenye Himalaya ya kati, penye milima mikali, barafu zilizofunikwa na kifusi ni za kawaida. Kwenye uwanda wa Tibet, penye mabonde yaliyolala, karibu hazipo. Kati ya barafu walizoziangalia katika maeneo ya mvua za msimu, zaidi ya asilimia 65 zilikuwa zikirudi nyuma. Lakini zile zenye kifusi kingi na ulimi uliolala, ncha zao kwa kawaida hazikusogea. Na Karakoram, zaidi ya nusu zilikuwa zimetulia au zinasonga mbele.

Nilipomsomea mpwa wangu sentensi ile ya ncha zisizosogea, akasema, "Kwa hiyo kifusi kinaziokoa." Nikamwambia aweke jibu lake kwenye daftari kwa penseli.

Jaribio la kavera

Hapa ndipo tulipokaa siku nyingi kuliko pote, na ninakushauri nawe ukae. Gandisha maji kwenye kavera nne za ukubwa mmoja, robo tatu lita kila moja. Acha moja kama akiba, kwa sababu moja itapasuka. Weka bati la kuezekea liiname kidogo, juu ya matofali, na chini ya kila kipande weka kikombe cha kukingia maji. Vua kavera. Kipande cha kwanza kiache uchi. Cha pili kinyunyizie vumbi jeusi, jembamba kama pilipili juu ya yai, ili barafu ionekane kati ya chembe. Cha tatu kifukie kwa mchanga wa unene wa kiganja, upande wa juu na pembeni. Kila nusu saa pima maji kwa kikombe cha dawa ya mtoto.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa fedheha. Tulichota mchanga uliokaa uwanjani tangu asubuhi, na jua la Kasese unalijua. Kipande cha mchanga mwingi ndicho kilichoyeyuka mbio kuliko vyote. Mpwa wangu alishaanza kuandika kwamba vitabu vinasema uongo. Shangazi yake, aliyekuwa akisonga bundu jikoni, ndiye aliyetucheka: "Mmeweka barafu kwenye kaango, mnategemea nini?" Mchanga uwekwe kivulini usiku kucha, uwe baridi, ndipo uutumie.

Mara ya pili tulipata tulichotarajia. Cha vumbi kiliisha kwanza. Cha uchi kikafuata. Cha mchanga mzito, saa tisa alasiri, bado kilikuwa na donge la ukubwa wa yai.

Sababu yake ni hii. Theluji mpya hurudisha mbinguni sehemu nane au tisa kati ya kumi za mwanga wa jua. Weka vumbi jeusi juu, vumbi linameza mwanga, linapata joto, na kwa kuwa ni jembamba joto lote linapita hadi kwenye barafu mara moja. Lakini mawe yakiwa mengi, joto la mchana lazima lisafiri kupita kwenye safu nzima, na kabla halijafika chini usiku umeingia na safu inapoa tena. Uso wa mawe unaweza kuwa na joto la kuungua mguu, na nusu mita chini yake barafu iko sifuri. Gunnar Østrem alilipima jambo hili kwenye barafu ya Sweden na kulichapisha mwaka 1959: kifusi chembamba sana huharakisha kuyeyuka, na kikizidi sentimita chache hivi huanza kuzuia, na kadiri kinavyoongezeka ndivyo kinavyozuia zaidi.

Sasa tazama jambo ambalo hatukulipanga. Kipande cha tatu, chenye mchanga, kilipopungua kidogo kilibadilika umbo, kikawa na ubavu uliosimama wima. Mchanga ukateleza ubavuni, ukaacha barafu uchi, nyeusi kwa tope. Ubavu ule ukaanza kuyeyuka mbele ya macho yetu huku juu pakiwa pamefunikwa vizuri. Mpwa wangu akachukua simu, akafungua tena picha ya Ngozumpa, akaikuza. Kando ya vidimbwi palikuwa na kuta ndogo za kijivu-cheupe zilizokatika wima. "Mjomba. Ni hii hii."

Ni hiyo hiyo. Kifusi hakikai kwenye barafu iliyosimama. Kwa hiyo blanketi lile lina matundu, na kila tundu ni genge la barafu linaloliwa na jua upande mmoja na maji ya kidimbwi upande wa chini. Eneo lake ni dogo, lakini maji yanayotoka pale ni mengi kuliko ungekisia. Alifuta jibu lake la penseli.

Sasa shuka kwenye ulimi

Ukiwa umeyajua hayo, rudi kwenye picha na usome kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa barafu huwa nyeupe hata kama kuta ni kali, kwa sababu theluji mpya hufukia mawe kila yanapoanguka. Mawe husafiri ndani ya barafu, gizani, miaka mingi. Ukivuka mstari ambapo kuyeyuka kunazidi theluji inayoingia, uso unapungua na mawe yanaanza kuibuka. Kwanza ni mistari ya kijivu ikifuata mwendo wa barafu, kama michirizi ya kalamu. Chini zaidi mistari inaungana. Mwishoni hakuna nyeupe tena. Pale mistari inapoanzia, andika mwinuko. Ni makisio mazuri ya ule mstari ambapo kuyeyuka kunaanza kuzidi theluji.

Kifusi huwa kinene zaidi kadiri unavyokaribia ncha, maana barafu inapunguza mwendo huko na mawe yanafuatana kama foleni ya malori mpakani Mpondwe. Hili huleta jambo la ajabu. Barafu ya kawaida huyeyuka zaidi chini, penye joto. Iliyofunikwa inaweza kuyeyuka zaidi katikati, penye kifusi chembamba, huku ncha ikilindwa. Kwa hiyo katikati hubonyea, ulimi unalala, na ukilala barafu inakosa nguvu ya kusonga.

Pima mteremko wa ulimi wenyewe sasa. Ukipata chini ya digrii 2, kuwa makini: maji hayaondoki, vidimbwi vinaungana, na ziwa linaweza kuzaliwa nyuma ya tuta la mawe. Nepal wanayo maziwa ya namna hiyo, Imja na Tsho Rolpa, na Dig Tsho lilipasuka mwaka 1985 likabeba kituo kidogo cha umeme na madaraja.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na watu wanaopima afya ya barafu kwa ncha tu. Ncha iliyofunikwa inaweza kukaa mahali pamoja miaka hamsini huku mwili wote ukikonda kutoka juu, kama mgonjwa aliyefunikwa shuka. Unaona miguu iko pale pale kitandani, hujui amebaki mifupa. Tazama matuta ya mawe pembeni mwa bonde. Kama uso wa barafu uko chini sana ya mgongo wa tuta, tofauti hiyo ndiyo kiasi kilichopotea tangu barafu ilipolijaza bonde mara ya mwisho.

Rwenzori, na kwa nini sikuijua picha

Ukifuata hatua zote hizi kwa mlima wetu, utaelewa kwa nini mtu wa miaka ishirini na sita mlimani alidanganyika. Elekeza simu kwenye Mlima Stanley. Barafu yake kubwa imekaa mgongoni, juu, na iliyo juu yake ni vichwa vichache tu: Margherita mita 5,109, Alexandra mita 5,091. Hakuna ukuta wa kilomita mbili wa kuimwagia mawe. Mwamba wenyewe ni mgumu, si wa volkano kama wengi wanavyodhani, ni jabali la kale lililoinuliwa na bonde la ufa. Na baridi yetu ni ya usiku mmoja mmoja. Haizami ndani ya mwamba kama baridi ya miezi minne. Barafu yetu iko kichwani mwa mlima, bila kofia.

Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Duki wa Abruzzi, alipanda na mpiga picha Vittorio Sella, na picha zile ndizo kipimo chetu hadi leo. Barafu ya Rwenzori wakati huo ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 hivi. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini kidogo ya 1. Wazee wetu husema theluji ni Nzururu, na Kitasamba, roho wa mlima, ni mwanawe. Sijui niwaambie wajukuu Nzururu amehamia wapi.

Lakini usifikiri Rwenzori haijawahi kuwa na ukuta juu ya barafu. Shuka bonde la Mobuku. Matuta yale makubwa yenye misitu, yanayozuia maji ya ziwa Mahoma kwenye karibu mita 3,000, yaliachwa na barafu iliyoshuka hadi karibu mita 2,000 wakati wa baridi kuu ya dunia. Siku hizo barafu ilikuwa bondeni na kuta zilikuwa juu yake. Mlima ni ule ule. Barafu ndiyo iliyohama, kutoka chini ya ukuta hadi juu ya ukuta. Nilipita pale mara mia nikiwa na mzigo, nikilaani yale matuta kwa sababu ya kupanda na kushuka, bila kujua yanasema nini.

Hata leo kuna vipande vidogo. Pembeni mwa barafu ya Elena, chini ya mawe yaliyomwagika, niliwahi kuchomeka fimbo ya mgeni ikagonga kitu kigumu kilicholia tofauti na jiwe. Nikaondoa kokoto, nikakuta barafu nyeusi, ngumu, imelala kivulini. Ukitaka kujaribu, sikiliza maji yanayotiririka chini ya mawe makavu, tafuta mawe yaliyolowa upande wa chini asubuhi isiyo na mvua, na uangalie mawe yanayosogea kila ukirudi. Usipande juu ya rundo hilo. Mawe juu ya barafu hayana mshiko, na nimemwona mwongozaji hodari akivunjika kifundo cha mguu kwa hatua moja.

Mengine ya usalama ni machache. Huwezi kuingia hifadhini bila mwongozaji, na ni vyema hivyo. Pita chini ya kuta kabla jua halijazigusa, kwa sababu mawe yaliyoshikwa na barafu ya usiku huachia asubuhi, kati ya saa tatu na saa sita. Usile chakula cha mchana mahali penye mawe mapya yenye pembe kali na rangi safi, hata kama pana mandhari nzuri. Gambuti zinafaa kwenye tope la kinamasi cha Bigo, si kwenye barafu. Huko vaa viatu vigumu na kramponi (meno ya chuma ya kufunga viatuni), mfungane kamba.

Kuhusu daftari. Kila picha iandikie tarehe, saa, mwinuko, na jiwe ulilosimama. Jiwe usilipake rangi, ni hifadhi. Chora umbo lake na ueleze liko wapi kati ya vilele viwili unavyoviona. Saa ni lazima. Nina bahasha nzima ya picha nilizopiga Elena miaka ya nyuma, nzuri sana, na hakuna hata moja niliyoiandikia saa, kwa hiyo sasa siwezi kujua kivuli kile cheusi kwenye barafu ni cha mawe au cha kilele. Mpwa wangu anazipanga mezani moja moja, anapima urefu wa kivuli changu kwa rula, akijaribu kukisia jua lilikuwa wapi.